Nusu Bakuli la Maua

Mwalimu Modesta Komba aliwapita walimu wenzake wote kwa mambo mawili: kufundisha bayolojia, na kupika maua ya maboga. Kwamba mambo hayo mawili yalikuwa jambo moja, hilo hakulitambua mpaka lilipomfika la kumfika.

Yeye na mumewe Gideoni walihamia Mtwara mwaka elfu mbili na tatu, Gideoni akiwa amepata kazi bandarini, wakapanga nyumba Chuno. Mtu wa Mbinga akihamia pwani hukosa baridi, hukosa maharage ya kwao, kisha huzoea. Modesta alizoea vyote isipokuwa maua ya maboga. Sokoni huyakuti, kwa sababu ua la boga likichumwa alfajiri, ikifika saa nne limeshasinyaa kama kitambaa kilicholowa. Ukitaka kulila lazima ujuane na mwenye shamba.

Mwenye shamba akapatikana. Alikuwa Bi Halima, mjane wa miaka sitini na ushei, kungwi aliyejulikana kuanzia Mtawanya alikoishi hadi Shangani, kwa kuwa nusu ya wanawake wa huko aliwafunda yeye siku za unyago wao. Bustani yake ilikuwa bondeni, kando ya njia ya mkato ambayo Modesta alipita kila siku kwenda shuleni. Walianza kwa shikamoo na marahaba, wakaingia kwenye habari za mboga, na wiki ya pili Bi Halima akawa anamwita "mwanangu". Modesta alifiwa na mama yake akiwa bado chuoni. Neno lile alipoliitwa mara ya kwanza ilibidi ajifanye amepatwa na vumbi machoni.

Basi ukaanza utaratibu wa bakuli. Lilikuwa bakuli la bati, jeupe, limemomonyoka rangi ukingoni. Msimu wa maboga ulipofika, katikati ya mwaka wa pili wa Modesta pale mjini, Saida, binti mkubwa wa Bi Halima, alilipitisha kila asubuhi alipokuwa akienda kuuza vitumbua, likiwa limejaa maua ya njano mpaka juu. Jioni Modesta alilirudisha na sukari, au maharage aliyotumiwa kutoka kwao, au kipande cha samaki, kwani bakuli la jirani halirudi tupu, na hilo hata mtoto wa chekechea wa Mtwara analijua. Maua aliyachemsha kidogo, akayaunga kwa korosho mbichi zilizotwangwa, na Gideoni akala mpaka akalegeza mkanda.

Hapa lazima nieleze maua yenyewe, maana ndipo mkosi ulipojificha. Mmea wa maboga hutoa maua ya aina mbili. Lipo ambalo chini yake limekalia kitoto cha boga, kidogo kama gololi, na lipo ambalo limesimama juu ya kikonyo kitupu, halina kitu. Bi Halima hakuwa mjinga. Lenye kitoto hakuligusa kamwe. Alichuma yale matupu, ambayo kwao waliyaita maua ya bure. Miaka yote alikuwa akichuma machache ya sufuria yake mwenyewe. Mwaka huu alikuwa na mwana wa kumpelekea bakuli, na bakuli la mwana halipelekwi pungufu, ni uchoyo. Akawa anayamaliza yote, kabla hata jua halijatoka.

Na mwaka huu haukuwa mwaka wa kuchezea maboga. Mbegu ile ililetwa na marehemu mumewe, Saidi, aliyeivusha kutoka ng'ambo ya Ruvuma ikiwa imefungwa kwenye pindo la shuka, enzi za uchumba wao. Boga lake lilikuwa la kijani lenye mistari myeupe, tamu kiasi kwamba tui likizidi unaliharibu. Tangu Saidi alipofariki, Bi Halima alijiwekea nadhiri: futari ya siku ya kwanza ya Ramadhani aliipika kwa maboga yale, akawaalika majirani, akamrehemu mumewe. Lakini kiangazi kilichopita panya waliingia kwenye kibuyu cha mbegu. Zilibaki kumi na nne. Alizipanda zote, zikaota kumi na mbili, na dunia nzima haikuwa na mbegu nyingine ya Saidi anayoijua yeye.

Mwanzoni mwa Agosti, Modesta alisimama bondeni akaona kitoto cha boga chini ya jani, kinang'aa. Moyo ukamruka. Akanyoosha kidole. "Tazama kile, mama."

Bi Halima aliushika mkono ule na kuushusha kama mtu anayezima moto. Boga changa halionyeshwi kwa kidole, litaoza. Huonyeshwa kwa ngumi. Modesta alilijua hilo tangu utotoni, hata Mbinga wanalisema, ila vitabu vilikuwa vimelisukuma nyuma ya kichwa. Akacheka, akasema, "Mama, hizo ni imani tu." Ni kweli alikuwa na haki, lakini kuna wakati wa kuwa na haki na kuna wakati wa kuomba radhi, na mwalimu wetu alichagua vibaya.

Siku ya tatu kitoto kile kikageuka njano, kikaanguka. Kikafuata cha pili. Kwa wiki tatu vikaanguka vyote, kila kilichojitokeza, wakati mashina yenyewe yanastawi na majani ni mapana kama ungo. Bi Halima alimwagia maji asubuhi na jioni, akaweka samadi, akasoma dua. Vikaanguka.

Hakugombana na mtu. Ugomvi ungekuwa nafuu. Aliacha tu kusema "mwanangu", akawa anasema "mwalimu", na Modesta akipita bondeni alijibiwa salamu kwa adabu kamili kama mgeni wa serikali. Bakuli, hata hivyo, liliendelea kuja, kwa sababu Bi Halima alikuwa mwungwana, na mwungwana hakati bakuli kwa hasira. Lilikuja limejaa vilevile kila asubuhi. Modesta aliyala maua yale bila hamu, na Gideoni akamwambia, "Kwa nini usiende ukaongee naye?" Akajibu kwamba ataongea nini, aseme kidole chake hakina nguvu za kuua maboga, halafu aulizwe nini basi kimeyaua? Shahada ya bayolojia anayo, cheti kimetundikwa sebuleni, na jibu hana.

Jibu lilikuwa linaiva jikoni kwake.

Wiki ya mwisho ya Agosti alitakiwa kufundisha kidato cha tatu jinsi mimea ya maua inavyotunga mbegu. Somo hilo alilipenda kuliko yote. Alichora ua ubao mzima, akaonyesha punje ya chavua imetua juu ya stigma, inaotesha mrija, mrija unashuka ndani ya shingo ya ua mpaka kwenye ovari. Halafu, kwa kuwa shule haikuwa na vielelezo, siku hiyo akaamua kuacha mboga. Alibeba bakuli zima la Bi Halima hadi darasani, akagawa maua, akawaambia wanafunzi wayapasue kwa wembe na waandike ni dume au ni jike.

Baada ya dakika kumi msichana mmoja wa mbele, Happiness, akainua mkono. "Mwalimu, la kwangu ni dume. Na la jirani yangu ni dume. Tumezunguka meza zote, yote ni madume. Jike liko wapi?"

"Jike halichumwi," alisema Modesta kwa urahisi, akiandika. "Mwenye shamba huliacha ili lizae. Anachuma..."

Chaki ikasimama ubaoni.

Maua arobaini na matatu. Yote madume. Jana vilevile, na juzi, na mwezi mzima. Bonde lile hakuna mwingine aliyepanda maboga mwaka ule, ni bamia na mchicha tu. Nyuki walikuwa wanakuja asubuhi, wanazunguka maua majike yaliyopambwa yakangojea, wala hawakuwa na punje moja ya chavua ya kuyaletea, kwa sababu chavua yote ya bonde imeungwa kwa korosho na kuliwa Chuno, na mwalimu wa bayolojia.

Darasa lilimwona mwalimu wake akikaa kwenye kiti, akajifunika uso kwa mikono, mabega yakatikisika. Walidhani analia. Alikuwa anacheka, na kweli kidogo alikuwa analia. Alihesabu siku kwa haraka: Ramadhani ilikuwa katikati ya Oktoba. Boga likitunga leo, lingeweza kuiva kwa kubahatisha. Likichelewa wiki mbili, basi.

Alasiri hiyohiyo alishuka bondeni. Bi Halima alikuwa anamwagilia kwa kopo.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwalimu."

Modesta alikuwa amepanga maneno njia nzima, yakamtoka yote. "Maboga yako sikuyaozesha kwa kidole," alisema. "Nimeyaua kwa tumbo."

Bi Halima akaweka kopo chini. "Umeyala? Umekula lipi? Hata moja halijakomaa."

"Nimewala waume zao."

Mama wa watu akamtazama kwa makini, kama anayepima homa kwa macho. Modesta alitaka kueleza, akaona haya kumweleza mambo ya dume na jike mwanamke wa umri ule, akawa anaumauma maneno, mpaka Bi Halima akachoka. "Sema. Mficha uchi hazai. Nangu mie hiyo ndiyo kazi yangu, hakuna utakalosema nikaona haya."

Modesta akachuma ua dume la kesho, lililokuwa bado limefumba, akalipasua, akamwonyesha unga wa njano ndani yake. Ua hili, alisema, ndilo mume. Bi Halima akatikisa kichwa. "Hilo halina kitoto. Nimelima maboga tangu sijavunja ungo. Linachanua, linakauka, linaanguka. Ni ua la bure."

"Nisamehe, mama, lakini marehemu mzee Saidi aliwahi kubeba mimba?"

"Astaghafirullah," alisema Bi Halima. Ila pembe moja ya mdomo ilisogea, na Modesta, ambaye hakuwa ameuona mdomo ule ukisogea kwa wiki tatu, akapata nguvu.

Akaeleza yote, akiwa amechuchumaa kwenye tope na sketi yake ya kazini. Unga huu nyuki huuchukua na kuutua juu ya ua jike, pale penye kunata. Lakini kutua si kufika. Kitoto kiko mbali, chini. Basi kila punje huotesha mrija wake, mwembamba kuliko uzi wa buibui, nao unashuka ndani ya shingo ya ua, gizani, unajitafutia njia mpaka unakifikia kiini cha mbegu moja. Hapo ncha yake inapasuka, wanatoka wawili. Mmoja anaungana na yai anakuwa mche, na mwingine anakwenda kuwa chakula cha huyo mche.

"Anakuja na posho yake?" aliuliza Bi Halima.

"Anakuja na posho yake."

"Huyo ni mume." Alisema kwa heshima. "Nimefunda wari miaka thelathini, sijathubutu kumwahidi hata mmoja mume wa namna hiyo. Na boga lina mbegu mamia. Mrija mmoja unawatosha wote?"

"Hapana. Kila mbegu na mrija wake. Mbegu mia tatu, mirija mia tatu. Isipofika hata mmoja, boga halina sababu ya kukaa, linajiangusha."

Bi Halima aliyatazama mashina yake kumi na mawili, moja baada ya jingine. Kisha akajishika kiuno. "Kungwi mzima," alisema taratibu. "Kila alfajiri naingia na kisu kwenye nyumba kumi na mbili za maharusi, nachinja mabwana harusi wote, nawapeleka Chuno wakaliwe. Halafu nasimama nauliza kwa nini mabibi harusi hawashiki mimba."

Modesta alicheka, lakini mwenzake hakucheka. Aliokota kopo lake. "Maneno matamu hayo. Maneno matamu hayajazi chungu. Njoo kesho alfajiri unionyeshe, mwalimu."

Bado alisema mwalimu.

Kesho yake, jua halijakata ukungu wa bonde, majike matatu yalikuwa yamefunguka. Modesta alichuma dume moja, akazichana petali zake zote mpaka kikabaki kijiti chenye unga. Alikuwa amelifundisha jambo hili miaka saba. Hakuwahi kulifanya. Akagusa ua la kwanza kwa kudonoa.

"Unaogopa nini?" alisema Bi Halima mgongoni. "Umekuja kumwozesha au kumsalimia? Zungusha. Paka kote. Si umesema mia tatu?"

Ukiwa na kungwi nyuma yako hufanyi kazi nusunusu. Modesta akazungusha. La pili akalipaka vizuri, na la tatu vizuri zaidi. Bi Halima akafunga uzi mwekundu kwenye kila kikonyo, akayaacha madume mengine yote yafunguke kwa ajili ya nyuki, wakaagana. Mikono ya Modesta, muda wote isipokuwa na kazi, ilikuwa mfukoni imekunjwa ngumi.

Asubuhi iliyofuata bakuli halikuja. Ndivyo walivyokubaliana, na yeye ndiye aliyeomba, lakini saa ya Saida ilipopita bila hodi alihisi nyumba imepungua. Siku ya nne Saida akasimama mlangoni mikono mitupu. "Mama anasema kimoja kimeanguka."

Siku hiyo Modesta hakula. Kilikuwa kile cha kwanza, alichokidonoa kwa woga, alijua bila kuuliza. Lakini mwanamke aliyepoteza vitoto wiki tatu mfululizo akiona kingine kinaanguka na uzi wake mwekundu, utamwambia nini? Aliacha kupita njia ya bondeni. Alizunguka kwa barabara kubwa, umbali mara mbili, akafika shuleni na vumbi hadi magotini, na Gideoni akaacha kumshauri chochote.

Siku ya tisa, asubuhi, hodi ikapigwa. Saida alikuwa ameshika bakuli, limefunikwa kwa kitambaa. Gideoni ndiye aliyelipokea. Akafunua, uso ukamshuka. "Ni nusu," alimwambia mkewe kwa sauti ya chini. "Modesta, Bi Halima ametuletea nusu." Mwaka mzima pale mjini ulimtosha kujua maana ya bakuli pungufu.

Modesta akaja na ufagio mkononi. Saida alikuwa anajizuia kucheka. "Mama amesema nimwambie mwanawe," alisema, "hawa wanatosha. Wenzao wako kazini."

Modesta aliweka ufagio chini, akalia wazi, mbele ya Saida na mumewe na vitumbua, hakutafuta vumbi la kusingizia. Kilichomliza kuliko maboga ni lile neno, mwanawe. Kisha akakimbia bondeni akiwa na kandambili. Vitoto viwili vya uzi mwekundu vilikuwa vimekuwa ngumi mbili za mtu mzima, na mbele yao, chini ya majani, vilikuwapo vingine saba ambavyo hakuna binadamu aliyevipaka kitu. Nyuki walikuwa wanafanya kelele kama sokoni. Bi Halima alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anawatazama kwa mapenzi, kama anayewasimamia vijana wake.

Siku mbili kabla ya mwezi kuandama walivuna yale mawili. Moja Bi Halima alilipasua palepale, kuhakikisha. Lilikuwa la njano iliyokoza, na mbegu zake zimejaa, nene, kila moja imekaa mahali pake. Alizikomba kwa vidole, akazitazama, akasema, "Wote wamefika." Kisha akazigawa mafungu mawili. Fungu moja alilitia kwenye bakuli la bati na kumpa Modesta. Mbegu ya Saidi, alisema, haitalala tena nyumba moja, panya hawawezi kuingia Mtawanya na Chuno usiku mmoja.

"Na bakuli nitalirudisha na nini, mama?" aliuliza Modesta. "Kwa hili sina cha kuweka."

"Utaweka maua, mwakani. Nusu."

Walikuwa wanaondoka, Bi Halima na boga kichwani, wakati Modesta alipoona kitoto kipya ukingoni mwa bustani, kidogo kama gololi, ua lake limeshasinyaa tangu jana. Furaha ikamfanya asahau tena. Mkono ukapanda wenyewe, halafu akakumbuka, akaukunja ngumi haraka, akaonyesha kwa ngumi.

Bi Halima akasimama. Alishusha boga chini taratibu, akaishika ile ngumi kwa mkono wake wenye udongo, akafungua kidole cha shahada, akakinyoosha mpaka kikalenga kitoto.

"Onyesha vizuri, mwanangu," alisema. "Hicho kimeshapata mtu wake."